Jerusha Akumu na Neno Alilolisema Kila Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani na mteja ameingia, mpe kiti naye asikilize. Mimi ni Roseline Aloo, na leo tunamkumbuka mwanamke mmoja ambaye pengine umekula mboga zake miaka mingi bila kumjua.

Jina lake ni Jerusha Akumu. Jerusha Akumu wa Rangwe, kaunti ya Homa Bay. Alikuza miche na kuiuza sokoni. Sukuma wiki, nyanya, vitunguu, managu. Pale sokoni walimwita Mama Miche. Alifariki wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mume, Mzee Javan, fundi seremala. Na ameacha binti mmoja, Celestine, mwenye miaka ishirini na minne.

Celestine ndiye aliyenipigia simu. Akasema, "Dada Roseline, mama alikuwa anasikiza kipindi yako akimwagilia miche. Naomba na yeye mumkumbuke."

Nikamuuliza, "Nianzie wapi?"

Akasema, "Anzia asubuhi. Mama akifungua mlango asubuhi, kabla aongee na mtu yeyote, alikuwa anasema, Mungu ni mwaminifu. Kila siku. Hata siku ile hakuna sababu ya kusema."

Wasikilizaji, maneno hayo tumeyazoea. Tunayaandika nyuma ya magari. Tunayasema tukikosa la kusema. Nami ningeyapita tu, lakini Celestine akaongeza jambo lingine. Akaniambia kwamba mlango wa nyumba yao ukifunguka, kitu cha kwanza unachokiona kule ng'ambo ya kitalu cha miche ni makaburi mawili madogo. Ya kaka yake na dada yake, ambao hakuwahi kuwajua.

Hapo ndipo niliposhikwa. Mama anafungua mlango. Anaona makaburi mawili ya watoto wake. Halafu anasema Mungu ni mwaminifu. Alimaanisha nini? Sikuuliza ili nibishane. Nilitaka kujua. Nikapanda gari hadi Rangwe na swali hilo moja.

Jerusha hakuzaliwa Rangwe. Alizaliwa Muhuru Bay, kule Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Mama yake alianika omena, dagaa wa ziwani, na Jerusha akiwa msichana kazi yake ilikuwa kufukuza ndege na kuigeuza ile omena jua likipanda. Mumewe, Javan, alimkuta huko. Alikuwa amekwenda kutengeneza madawati ya kanisa, akakaa wiki sita badala ya mbili.

"Kazi ilikuwa imeisha," Mzee Javan aliniambia, akicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini nilikuwa nasema bado kuna misumari haijaingia vizuri."

Wakaoana, wakaja Rangwe. Ndiyo maana wazee wa hapo walimwita Nyar Muhuru, yaani binti wa Muhuru.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Levis. Levis alianza kuugua kabla hajatembea vizuri. Homa, macho ya manjano, na kilio cha maumivu ambacho hakikuwa na mahali pake. Leo ni mguu, kesho ni mgongo. Levis akafariki akiwa na miaka miwili. Akaja Helen. Helen alikuwa na maneno mengi, anasema baba yake, anawasalimia hata kuku. Helen naye akaanza kulia miguu. Akafariki akiwa na miaka minne.

Watoto wawili. Levis, miaka miwili. Helen, miaka minne. Na Mzee Javan ni seremala. Majeneza yote mawili aliyatengeneza mwenyewe.

Nikamuuliza Mzee Javan, wakati huo watu walisema nini? Akamtazama mzee aliyekuwa ameketi kando yake. Huyo ni kaka yake mkubwa, Mzee Zablon. Mzee Zablon akasema, "Niache mimi nijibu. Mimi ndiye nilisema."

Na akasema wazi, wasikilizaji, mbele ya kinasa sauti changu. Alisema kwamba hiyo ilikuwa chira. Chira ni ile laana inayosemekana humpata mtu aliyevunja mila. Zablon aliona kwamba Javan na Jerusha walihamia nyumba yao mpya kabla taratibu za wazee hazijakamilika. Akataka wanywe dawa ya kuiondoa chira hiyo. Jerusha akakataa. Maneno aliyomjibu shemeji yake bado yanakumbukwa katika boma lile.

"Shemeji," alimwambia, "mtoto alikuwa analia miguu. Nyumba haiwezi kuuma mtoto miguu."

Sasa usidhani alisema hivyo kwa sababu imani yake ilikuwa imesimama imara. Hapana. Baada ya Helen kuzikwa, Jerusha aliacha kwenda kanisani. Miezi minane. Aliniambia haya Mama Damaris, jirani yake, aliyeimba naye katika kwaya moja.

"Alisema hawezi kufungua mdomo aimbe kitu haoni," Mama Damaris alisema. "Mimi sikuwa na la kumjibu. Mimi watoto wangu wote walikuwa hai. Ningemwambia nini?"

"Kwa hivyo ulifanya nini, mama?"

"Nilikuwa naenda kila Jumanne nafua nguo zake. Nafua, naanika, naenda nyumbani. Siku zingine hata hatuongei."

Miezi minane ya Jumanne. Mama Damaris hakumsomea mstari hata mmoja. Kisha Jumanne moja, Mama Damaris akikamua shuka, Jerusha akamwambia, "Nitakuja Jumapili."

Na akaja. Pasta alifurahi, kama mapasta wanavyofurahi, akamwita mbele atoe ushuhuda. Jerusha akasimama. Akasema, "Sina ushuhuda. Nimekuja tu." Akarudi akaketi.

Mama Damaris anasema kesho yake asubuhi alipita hapo kwenda kuchota maji, akamsikia Jerusha mlangoni akilisema lile neno kwa mara ya kwanza. Mungu ni mwaminifu. "Alisema polepole," Mama Damaris aliniambia, "kama mtu anajaribu kiatu kama itaingia."

Nikaiandika sentensi hiyo. Lakini swali langu lilikuwa bado. Kwa nini siku hiyo? Mama Damaris akatikisa kichwa. Hajui. Anasema yeye alimuuliza Jerusha mara moja tu, na Jerusha akamjibu, "Nilingoja aniache, nikaona hajaniacha."

Kisha akazaliwa Celestine. Akiwa na miezi tisa, siku moja ya baridi, mikono yake ikafura. Mikono yote miwili, na miguu, kama mikate. Jerusha akamfunga mgongoni akaenda naye zahanati. Huko alikuwepo mhudumu mmoja kijana, Jared, aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu. Jared akaiangalia ile mikono kwa muda mrefu. Akauliza, "Mama, kuna mtoto mwingine alikuwa hivi?" Jerusha akasema, "Wawili." Jared akaagiza damu ipimwe.

Majibu yalirudi. Ulikuwa ugonjwa wa selimundu, huu ambao wengi wetu huku tunauita sikoseli. Damu ya mtoto inakunjika, haipiti vizuri mwilini, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wawili, baba na mama, na wao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa.

Mzee Javan alilia pale zahanati. Jerusha hakulia. Alianza kuuliza maswali. Aliuliza maswali mengi hadi wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakalalamika. Inakunjika vipi? Kwa nini siku za baridi? Maji yanasaidia namna gani? Homa ikianza nifanye nini kwanza? Jared alimchorea damu kwenye bahasha, damu ya duara na damu iliyopinda kama mundu, na ile bahasha Jerusha akarudi nayo nyumbani.

Akaenda nayo moja kwa moja hadi kwa Zablon. Akamwonyesha. Akamwambia, "Shemeji, angalia. Si chira. Ni hii."

Mzee Zablon anakumbuka. "Nilikasirika sana. Niliona ananifanya mjinga na karatasi. Nikaondoka. Na hapo tukaacha kuongea."

Kwa muda gani, mzee?

"Miaka kumi."

Miaka kumi, wasikilizaji. Boma moja, kisima kimoja.

Katika miaka hiyo kumi Jerusha alimlea Celestine. Hakukuwa na muujiza mkubwa wa kusimulia. Kulikuwa na dawa kila asubuhi. Sweta hata siku ya jua. Chandarua kisichokosa. Maji, maji, maji. Usiku wa maumivu, na kumkanda mguu kwa maji moto. Alikuwa akiomba akiwa ameinama kwenye kitalu, mikono ina udongo, na sala yake ilikuwa fupi. Celestine aliisikia mara nyingi akaishika: "Asante kwa ya jana. Ya leo unayaona. Twende."

Celestine hakuwa mtoto wa kukubali tu. Akiwa na miaka kumi hivi alimuuliza mama yake lile swali langu. Alimuuliza hivi: "Mama, kama Mungu ni mwaminifu, mbona Levis na Helen?"

Nikamuuliza, "Akajibu nini?"

"Alisema, sijui. Nimemuuliza. Bado namuuliza."

"Basi?"

"Basi. Akanipa maji nikunywe."

Wasikilizaji wapendwa, nilidhani nimefika mwisho wa safari yangu. Nilidhani jibu ndilo hilo, kwamba hata yeye hakujua. Lakini Mzee Javan akasema, "Ngoja. Sijakuambia habari ya mbao."

Celestine alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa darasa la tano. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na malaria ilikuwa imempiga. Damu yake ikashuka vibaya. Wakamkimbiza hospitali mjini Homa Bay, akalazwa wodi ya watoto. Madaktari wakasema anahitaji kuongezewa damu. Na wiki hiyo damu ya kundi lake ilikuwa haba. Wahudumu walipiga simu huku na huku. Wakawaambia wazazi walete ndugu wapimwe. Damu ya Javan haikufaa. Ya Jerusha haikufaa.

Mzee Javan akarudi Rangwe kutafuta watu. Alikwenda kwa binamu, hakumkuta. Alikwenda kwa jirani, jirani akasema anaogopa sindano. Akaingia kwenye karakana yake akaketi. Na hapo, anasema, mikono yake ikaanza kazi bila yeye kuiambia. Akachagua mbao. Akazipima. Akaziweka kando.

Unaelewa alichokuwa akipima. Alikuwa amekwishapima mara mbili.

Mchana huo huo Jerusha akafika nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Akapita mlangoni mwa karakana. Akaziona zile mbao zimepangwa kando, na alama za penseli juu yake. Akasimama hapo.

"Nilitaka kujificha," Mzee Javan aliniambia. "Nilijua amejua."

"Alikugombeza?"

"Hapana. Aliingia akashika ubao mmoja, akaupitisha mkono. Akaniambia, Baba Celestine, hizo mbao tengeneza meza. Mtoto anaingia darasa la sita Januari na hana mahali pa kuandikia."

Mzee Javan akaendelea.

"Dada, wakati huo hakuna damu ilikuwa imepatikana. Hakuna. Nikamwambia, Mama, na kama... Akasema, kama sivyo, utaipasua hiyo meza. Lakini leo tengeneza meza. Halafu akachukua nguo akaenda."

Na Mzee Javan akafanya nini? Alifuta zile alama za penseli kwa kiganja. Akaanza kukata miguu ya meza. Sauti ya msumeno ikasikika boma zima.

Mzee Zablon aliisikia. Yeye pia alijua mtoto amelazwa. Alidhani ni jeneza. Akavuka ua, akaingia karakana ya ndugu yake, mahali ambapo hakuwa ameingia kwa miaka kumi. Akaona miguu minne imepangwa ukutani.

Akauliza, "Unatengeneza nini?"

Javan akasema, "Meza ya mtoto."

Zablon akauliza, "Hospitali wanataka nini?"

Javan akasema, "Damu."

Mzee Zablon akapanda bodaboda hadi Homa Bay, akakunja mkono wa shati, akasema wamtoe damu. Wakampima presha, wakamwambia, mzee, presha yako iko juu sana, hatuwezi kukutoa damu. Akabisha. Wakakataa. Wakampa yeye mwenyewe dawa ya presha.

Jerusha alimkuta nje ameketi kwenye ngazi, ameshika kichwa. Walikuwa hawajaongea tangu ile siku ya bahasha. Akaketi kando yake. Zablon akasema, "Nimekuja na damu wamekataa." Jerusha akasema, "Shemeji, umekuja."

Hayo tu. Lakini Zablon akasimama.

Kilichofuata ninakisimulia kama nilivyosimuliwa na watu watatu tofauti, na wote wanakicheka mpaka leo. Zablon alirudi Rangwe, na ilikuwa siku ya soko. Pale sokoni kulikuwa na kijana anauza dawa ya panya kwa kipaza sauti. Mzee Zablon akamwendea, akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwake bila kuomba, na akaanza kutangaza. Alitangaza kwa Kidholuo, akatangaza kwa Kiswahili. Alisema, "Mtoto wa Mama Miche anakufa kwa sababu ya damu! Si chira! Mimi ndiye nilisema chira, na nilikosa! Ni damu! Nani ana damu?"

Watu wengine walidhani amelewa. Wengine wakacheka. Lakini watu wanne wakajitokeza. Mmoja alikuwa Bitutu, mama wa Kisii aliyekuja na ndizi zake kuuza. Hakuwa jamaa. Hakuwa hata mteja wa Jerusha. Alimwachia jirani mkungu wa mwisho, akapanda pikipiki.

Nilimpata Mama Bitutu kwa simu. Nikamuuliza, kwa nini ulikwenda? Akacheka. "Huyo mzee alikuwa analia kwa kipaza sauti ya panya. Wewe ungekaa?"

Damu ya Bitutu ndiyo iliyofaa, yake na ya mwalimu mmoja. Ikapimwa, ikawa sawa. Siku iliyofuata, alasiri, Celestine aliwekewa. Jioni akaomba uji.

Januari ilipofika, Celestine aliingia darasa la sita. Meza ilikuwa tayari. Niliiona kwa macho yangu, wasikilizaji. Si meza nzuri sana. Mguu mmoja ni mfupi kidogo.

Nadhani hapo nilianza kuelewa. Nadhani tu. Wengi wetu husema Mungu ni mwaminifu jambo likishaisha na tumeona limeisha vizuri. Jerusha alikuwa akisema kabla. Alisema asubuhi, siku ikiwa bado haijafunguliwa. Halafu alifanya kazi ya siku hiyo kama mtu anayeliamini neno lake. Alimpa mtoto dawa. Alimwagilia miche. Alimwambia fundi atengeneze meza. Na alijua, kuliko mimi na wewe, kwamba mambo yanaweza kwenda upande ule mwingine. Makaburi yalikuwa pale pale.

Celestine alisoma. Ana ugonjwa wake hadi leo, anaushughulikia, anafanya kazi. Alisomea maabara, na sasa anapima damu katika kituo kimoja cha afya huko huko Homa Bay.

Mwanzoni mwa mwaka huu Jerusha akaanza kushindwa kumeza chakula. Ilikuwa saratani ya koo. Miezi minne. Sauti yake ikaisha kidogo kidogo. Celestine alichukua likizo akakaa naye. Asubuhi alikuwa akimshika mkono hadi mlangoni, wanasimama, midomo ya mama inacheza lakini hakuna kinachosikika. Siku moja Celestine akamuuliza, "Mama, bado unasema?"

Jerusha akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni. "Nasema. Ni sauti tu imepungua."

Alifariki siku ya Jumanne. Mama Damaris alikuwepo.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mzee Zablon aliongea, na aliomba msamaha tena, ingawa alikuwa amesamehewa siku nyingi. Mama Bitutu alikuja kutoka Kisii na wanawake sita. Watu waliondoka na miche iliyobaki kwenye kitalu, kwa ruhusa ya Mzee Javan, kwa sababu miche haingoji matanga yaishe.

Kabla sijaondoka Rangwe nilimuuliza Celestine swali la mwisho. Nilimuuliza, sasa wewe unafungua mlango asubuhi. Unasema nini?

Akasema, "Dada, nisikudanganye. Bado sijaweza kusema. Jumatatu baada ya mazishi nilienda kazi. Sikuwa na nguvu hata kidogo. Nilitembea tu. Nikafika, nikapata mama wawili kwenye benchi na watoto wao, wananingojea. Nikavaa koti. Nikaosha mikono. Na nikaona naweza."

"Nguvu ilitoka wapi?"

"Sijui. Nyumbani sikuwa nayo. Nimeikuta huko."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studioni, natoa pole zetu kwa Mzee Javan. Pole kwa Celestine. Pole kwa Mzee Zablon na boma lote, kwa Mama Damaris na kwaya yao, kwa jamaa wa Muhuru Bay, na kwa wafanyabiashara wa soko la Rangwe. Mungu awafariji, na awafariji kwa namna mtakayoiona.

Nawe unayenisikiliza, sitakupa mahubiri. Nakuomba kitu kimoja. Najua kuna jambo mbele yako ambalo bado hujui litakwendaje. Ni ugonjwa, ni ndoa, ni mtoto. Leo, kabla hujajua, kuna kazi gani ndogo ungeifanya kama ungeamini kwamba hujaachwa?

Usinijibu mimi. Zima redio kwanza, ukaifanye.